Siku ya 19 tangu nirekebishwe matiti yaliyopishana, sasa naona yamepishana zaidi. Naombeni ushauri

Tulizo

Habari zenu wapendwa. Huwa nasoma tu na kupita, ila leo nimeshindwa.

Nina miaka 27. Nikiwa na miaka 13 titi la kulia liliendelea kukua, la kushoto likasimama pale pale. Najua karibu kila mwanamke ana tofauti kidogo, yangu haikuwa hiyo. Ilionekana juu ya nguo. Miaka yote hiyo nimejaza kitambaa upande mmoja wa sidiria, nimevaa nguo pana, nimekwepa kuogelea, nimezima taa kabla ya kuvua. Mwishowe nikafanya upasuaji. Kushoto nimewekewa kipandikizi cha silikoni cha mililita 260, chini ya msuli. Kulia hakuna kipandikizi, wameliinua titi na kuondoa ngozi iliyozidi ili yalingane.

Sasa hali ilivyo. La kushoto limepanda juu karibu na mtulinga, gumu, limejaa juu na chini liko bapa. La kulia liko chini, laini, na limevimba kuelekea kwapani. Chuchu haziko mstari mmoja. Ya kulia imekufa ganzi kabisa. Ya kushoto hata nguo ikiigusa nashtuka. Kuna wakati kitu kama shoti ya umeme kinapita ndani, nashika kifua nasimama.

Usiku nalia. Daktari kaniambia nisubiri, marudio ni baada ya wiki tatu. Je, kuna aliyepita hapa? Nitajua lini kama imeharibika? Na je, nianze kulikanda la kushoto ili lishuke? Kuna mahali nimesoma nikande, kwingine nimesoma nisiguse.

MamaWawili

Pole sana mdogo wangu. Hapo kwenye chuchu kutokuwa mstari mmoja nimejiona mwenyewe. Mimi niliwekewa pande zote mbili kwa ukubwa tofauti, mililita 210 na 330, maana nilikuwa na tatizo kama lako. Wiki ya tatu niliamini kabisa kwamba wamekosea, kile kikubwa wamekiweka upande usio wake. Nilimpigia daktari nikamwambia hivyo hivyo. Hakukasirika. Alinisomea rekodi ya upasuaji, upande kwa upande, mpaka nikatulia.

Kuna kitu sikuambiwa kabla, wewe nakuambia sasa: umefanyiwa operesheni mbili kwa siku moja. Kushoto msuli umeinuliwa na kupewa mzigo ambao haujawahi kuubeba. Kulia ngozi imekatwa na kushonwa upya. Msuli na ngozi havina mwendo mmoja wa kupona. Kila asubuhi ukisimama kwenye kioo kuyalinganisha, unalinganisha wagonjwa wawili wenye magonjwa tofauti na kuuliza kwa nini hawafanani.

Hilo la kushoto liko juu kwa sababu msuli wa kifua bado umekaza na unakibana kipandikizi. Msuli ukilegea, kinashuka na ile sehemu ya chini iliyo bapa inajaa. Haiji kwa siku moja. Kwangu cha kushoto kilianza kushuka wiki ya sita, cha kulia kikaningojesha hadi mwezi wa nne. Katikati hapo nilikuwa nimepishana kuliko nilivyozaliwa.

Piga picha mara moja kwa wiki, mahali pamoja, mwanga ule ule, mikono chini. Kioo uache. Kwenye kioo huwezi kuona mabadiliko ya wiki, utaona hofu ya siku hiyo tu.

ZamuYaUsiku

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Tulizo, kabla sijakutuliza nijibu haya. Joto la mwili limefika 38 wakati wowote? Kuna wekundu unaotanuka, ngozi ya moto, majimaji yenye harufu au usaha? Kuna titi lililovimba ghafla, ndani ya saa chache, likakaza na kuuma upande mmoja tu? Pale chini ya titi la kulia mishono inapokutana, pamefunga au pameachia? Na miguu: kuna shavu la mguu linalouma au lililovimba, au kukosa pumzi?

Jibu kwa ukweli, usijibu kwa kutaka nikwambie uko salama.

BwanaKweli

Mngeridhika na alivyowaumba Mungu haya yote yasingekuwepo.

MamaWawili

BwanaKweli, dada ameshatoka chumba cha upasuaji. Anauliza namna ya kupona. Kama huna la kumsaidia kupona, mpishe.

Tulizo

Asante dada MamaWawili, nimesoma mara tatu.

ZamuYaUsiku, nimepima sasa hivi, 36.8. Hakuna wekundu unaotanuka, hakuna usaha. Miguu iko sawa. Pale mishono inapokutana pana upenyo mdogo kama punje ya mchele, panatoa majimaji kidogo ya njano, hayanuki.

Kuna jambo sijamwambia hata daktari. Siku ya 12 nilimnyanyua mtoto wa dada yangu. Alikuwa anaanguka kitandani, sikufikiri. Nilihisi kitu kimevutika upande wa kushoto. Halikuvimba, lakini tangu hapo kila nikiliona limekaa juu najiambia mimi ndiye nimeliharibu.

ZamuYaUsiku

Umefanya vizuri kusema. Damu kuvilia ndani mara nyingi hutokea siku mbili za kwanza, ila inaweza kutokea baadaye mtu akijikaza, ndiyo maana nimeuliza uvimbe wa ghafla. Kama titi lingejaa damu siku ile usingekaa wiki nzima bila kujua. Lingekaza, lingeuma, ngozi ingebadilika rangi. Na kumnyanyua mtoto hakusukumi kipandikizi kwenda juu. Kilikuwa juu kabla yake.

Hata hivyo, kesho piga simu kule ulikofanyiwa, usisubiri marudio. Waambie mawili: ulinyanyua mzigo siku ya 12, na kuna upenyo kwenye makutano ya mishono. Makutano hayo ndiyo hupona mwisho, kwa sababu ngozi ya pande tatu inavutana hapo na damu haifiki vizuri. Upenyo mdogo mara nyingi hujifunga kwa kufungwa bendeji safi, lakini anayepaswa kuamua ni aliyeuona kwa macho. Usipake kitu chochote ulichoshauriwa mtandaoni, hata na mimi.

Kuhusu kukanda: usikande mpaka aliyekupasua akuambie, na akuonyeshe kwa mikono yake. Jibu hutofautiana kwa sababu vipandikizi vinatofautiana. Vya duara laini, baadhi ya madaktari huagiza visogezwe ndani ya nafasi yake. Vya umbo la tone la maji vikisukumwa ovyo vinaweza kugeuka, na umbo zima la titi likageuka navyo. Wengine wanatoa mkanda wa kufunga juu ya titi ili ukibane kuelekea chini. Muulize kama na wewe unauhitaji. La kulia halina cha kushushwa, ukilikanda utafumua mishono.

Shoti za umeme ni mishipa ya fahamu inayoamka. Ilivutwa au ikakatwa, sasa inaunganika, na ishara za kwanza huwa hazina adabu. Chuchu moja kufa ganzi na nyingine kuwa kali kupita kiasi ni kawaida katika wiki hizi. Hisia huchukua miezi, kwa wengine mwaka na zaidi, na nisikufiche, kuna wachache ambao hazirudi zote.

Endelea kulala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito, na weka mto chini ya kila kiwiko, mabega yatapumzika. Sidiria ya upasuaji usiku na mchana, isiyo na waya. Usinyanyue kitu kizito wala kuvuta mlango mgumu mpaka uruhusiwe, kwa wengi ni karibu wiki sita. Lakini tembea. Kukaa kitandani kutwa kunaita damu kuganda miguuni.

KovuLangu

Dada Tulizo, mimi nimekuja na upande mwingine wa habari, si wa kukutisha.

Usiku wa pili baada ya upasuaji wangu titi la kulia lilianza kukaza. Saa nne lilikuwa kawaida, saa nane lilikuwa mara moja na nusu ya lenzake na ngozi inang'aa. Niliona aibu kumwamsha daktari. Nikangoja kukuche. Nilirudishwa chumba cha upasuaji asubuhi ile, wakaondoa damu iliyovilia, na daktari aliniambia kwamba namba ya simu ya usiku aliniandikia kwa ajili ya usiku ule. Nilikuwa nayo mkononi. Basi ukihisi kitu cha ghafla, usijali ni saa ngapi.

La pili lilinipata mwaka wa tatu. Mwili hujenga utando kuzunguka kipandikizi, kila mwili hufanya hivyo. Wangu upande mmoja ulikaza ukakibana, titi likawa gumu na kupanda. Madaktari wanapima hali hiyo kwa madaraja manne, yangu ilikuwa la tatu. Ilibidi kuondoa utando na kuweka kipandikizi kipya. Ugumu wako wa siku ya 19 si huo, huo wa kwako ni uvimbe na msuli. Nasema ili ujue tofauti: ugumu unaopungua mwezi hadi mwezi ni uponaji, ugumu unaoanza titi likiwa limeshalainika ndio wa kurudi nao kwa daktari.

Umepewa kadi ya kipandikizi? Ina jina la kiwanda, ukubwa, aina ya ganda na namba. Itunze kama cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2019 vipandikizi vya ganda la kukwaruza vya kampuni ya Allergan viliondolewa sokoni duniani kwa sababu ya kuhusishwa na saratani adimu ya limfu inayoota kwenye utando ule. Waliokuwa na kadi walijua siku hiyo hiyo kama yanawahusu. Wengine walianza kutafuta mafaili.

Upepo_wa_Jioni

Mimi nilizaliwa bila sehemu kubwa ya msuli wa kifua upande wa kushoto, na titi halikuota. Inaitwa sindromu ya Poland, haihusiani na nchi, ni jina la Alfred Poland aliyeieleza London mwaka 1841 akiwa bado mwanafunzi. Nina kipandikizi upande mmoja tu kama wewe, mwaka wa nane huu.

Ninachotaka ujue mapema ni kwamba upande wenye titi lako la asili utaendelea kuishi maisha yake. Ukinenepa litanenepa, ukibeba mimba litajaa, umri ukienda litashuka. Upande wa kipandikizi hautafuata hatua kwa hatua. Mimi baada ya kujifungua nilipishana tena, kidogo. Niliumia sana kwa sababu nilidhani nimeshamaliza. Daktari angeniambia siku ya kwanza nisingelia vile.

Na kipandikizi si cha maisha yote. Kwa vya silikoni, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri kipimo cha altrasaundi au MRI kuanzia mwaka wa tano au wa sita, kisha kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, kwa sababu kinaweza kupasuka kimyakimya bila kuuma. Ukienda kupiga mamografia, ile eksirei ya matiti, siku za mbele, mwambie mpigaji kabla hajaanza. Wana namna ya kukisogeza nyuma ili titi lenyewe lionekane.

Tulizo

Nimepiga simu. Nimeitwa leo leo. Upenyo wamesafisha na kuufunga, narudi kila baada ya siku mbili. Daktari ameshika la kushoto akasema kipandikizi kiko mahali pake, msuli ndio haujaachia, na nimepewa mkanda. Nilipomwambia kuhusu mtoto alisema angenishangaa kama ningemwacha aanguke.

BwanaKweli, sikufanya hivi kwa kumkosoa aliyeniumba. Nilichoka kuishi nimejikunja mabega.

Tulizo (mrejesho, wiki ya 13)

Nilisema nitarudi. Picha ya wiki ya tatu na ya leo nimeziweka pamoja, na kwa mara ya kwanza sikuona hofu. La kushoto limeshuka, chini pamejaa. Chuchu zinatofautiana kama sentimita moja, ya kulia iko chini kidogo. Daktari anasema tusiamue lolote la kurekebisha kabla ya mwezi wa sita. Sijui kama nitataka. Kovu la kulia bado jekundu na limeinuka kidogo pale palipoachia, nimepewa karatasi za silikoni za kubandika kwa sababu ngozi yangu ina tabia ya keloidi, yaani makovu yanayoota na kuvimba. Nimeanza kulala ubavu.

ZamuYaUsiku

Nimefurahi sana. Chuchu ya kulia je?

Tulizo

Kugusa bado. Lakini jana nikioga nilisikia maji ni ya baridi.