Kutoka marathoni hadi kilomita 50: nijiandae vipi kwa ultramarathoni yangu ya kwanza?

Kigimbi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimekwisha kukimbia marathoni tatu, na ya mwisho niliimaliza kwa muda wa saa 4 na dakika 20 bila kuumia popote. Sasa nimejiandikisha katika mbio za kilomita 50 zitakazofanyika baada ya miezi mitano kwenye njia za milimani. Jumla ya upandaji wake ni mita 1,400, na atakayezidi saa 9 hahesabiwi kuwa amemaliza. Siku ya kujiandikisha nilijiambia kwamba kilomita 50 ni marathoni iliyoongezewa kilomita nane kasoro kidogo, nikajiona nimefika. Lakini kila ninapoitazama ramani ya njia nazidi kuishuku hesabu yangu.

Ninayo maswali matatu. La kwanza, je, ni lazima niwe nimekimbia kilomita 50 walau mara moja mazoezini? Nilipojiandaa kwa marathoni sikuwahi kuzidi kilomita 32. La pili ni kuhusu kutembea. Wengi husema kutembea ni sehemu ya mchezo huu, nami naona haya, kwa maana sielewi mtu aliyejiandikisha kukimbia anaanzaje kutembea kabla hata hajafika nusu ya njia. La tatu ni tumbo. Katika marathoni ya mwisho, kuanzia kilomita ya 35 sikuweza kumeza chochote. Safari hii nimepanga kula kidogo asubuhi, kunywa maji mengi katika kila kituo, na kubeba vidonge vichache vya kutuliza maumivu kwa ajili ya saa za mwisho. Nisahihisheni nilipokosea.

Bandika_Bandua alijibu:

Ndugu Kigimbi, kosa la hesabu yako ni kwamba unahesabu kilomita, ilhali miguu huhesabu saa. Saa 4 na dakika 20 katika marathoni ni wastani wa dakika 6 na sekunde 10 kwa kilomita. Mkimbiaji huyohuyo akipelekwa kwenye njia ya mawe na mizizi yenye mita 1,400 za kupanda, wastani wake utakuwa dakika 8 au 9, pengine zaidi, na hivyo kilomita 50 zitamchukua saa 7 hivi. Sehemu usiyoijua, basi, ni saa tatu, wala si kilomita nane, na katika saa hizo tatu ndimo mambo yote unayoyasikia kuhusu ultramarathoni hutokea.

Kwa hiyo, hapana, usikimbie kilomita 50 mazoezini. Mimi huweka kikomo cha saa 5 kwa zoezi moja refu, nalo nalifanya mara moja tu, wiki tatu au nne kabla ya siku yenyewe. Ukizidi hapo, misuli na kano huumia kuliko unachovuna, na utapoteza wiki nzima au mbili ukijiuguza wakati ungekuwa unafanya mazoezi. Ninachokipendelea ni kuugawa mzigo: Jumamosi kukimbia kwa muda wa saa 4, kisha Jumapili kwa muda wa saa 2 au 2 na nusu juu ya miguu ambayo bado imechoka. Jumapili hiyo ndiyo inayokufundisha hali ya kilomita ya 40. Kila wiki ya nne napunguza mzigo kwa theluthi moja, hata kama najisikia vizuri, na hasa nikijisikia vizuri. Kasi ya mazoezi haya iwe ile inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi.

Kuhusu haya ya kutembea, ivue mapema. Kwenye mlima mkali, anayetembea kwa nguvu huku viganja vikisukuma mapaja na anayekimbia kwa hatua fupifupi huachana kwa muda mdogo sana, lakini wa pili hufika kileleni moyo ukimdunda kifuani na akiba yake ya sukari imepungua bila sababu. Ila kutembea huku nako hufunzwa. Kuna watu hujifunza kukimbia miezi mitano, kisha siku ya mbio hutembea saa mbili na kushangaa kwa nini vigimbi vinawaka moto. Gordy Ainsleigh, ambaye mwaka 1974 aliamua kukimbia kwa miguu katika mashindano ya farasi ya maili 100 huko California, alimaliza kwa saa 23 na dakika 42, na hapo ndipo zilipochipuka mbio za miguu za maili 100 za Western States. Sidhani kama yuko aliyemwuliza ni wapi alitembea.

Muuguzi_wa_Zamu alijibu:

Nimehudumu katika hema la matibabu la mbio ndefu kwa misimu kadhaa, na mpango wa ndugu Kigimbi wa kula kidogo, kunywa sana na kumeza vidonge ni ule ule ambao wengi wa wagonjwa wetu hufika nao wakidhani ni tahadhari.

Nianze na maji, kwa kuwa hilo linaweza kuua. Katika kazi ndefu ya mwili hutolewa homoni inayozizuia figo kutoa maji. Mkimbiaji anayekunywa kuliko anachopoteza huyabakiza mwilini, na sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) iliyo katika damu huzimuliwa hadi kushuka chini ya milimoli 135 kwa lita. Tim Noakes na wenzake wa Afrika Kusini waliieleza hali hii kwa wanamichezo mwaka 1985, wakati ambapo ushauri wa kawaida ulikuwa kunywa kadiri uwezavyo. Dalili zake ni kichefuchefu, kichwa kuuma, kuvimba, kisha kuchanganyikiwa na degedege. Kwa kuwa dalili za mwanzo hufanana na za upungufu wa maji, rafiki mwema humletea mgonjwa chupa nyingine, na hali huzidi kuwa mbaya. Wataalamu waliokutana mwaka 2015 kulijadili jambo hili walisisitiza kunywa kwa kufuata kiu. Vidonge vya chumvi havimwokoi anayekunywa kupita kiasi. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu: ukirudi umepungua kidogo, hiyo ni kawaida; ukirudi umeongezeka, umekunywa mno.

Tumbo lako, kwa maoni yangu, halikuugua siku ile ya marathoni, bali lilinyimwa damu. Ukikimbia kwa kasi, hasa kwenye joto, damu huenda kwenye misuli na ngozi, na utumbo hubaki na kidogo. Ukianza kula baada ya saa tatu, unalipelekea kazi likiwa limeshafunga duka. Tena hesabu haikubali kula kidogo. Kukimbia huchoma takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, yaani mtu wa kilo 70 atahitaji kama 3,500 kwa kilomita 50, bila kuhesabu milima, ilhali wanga uliohifadhiwa mwilini hauzidi sana 2,000. Mafuta ya mwili hujazia pengo, lakini polepole. Asubuhi kula ukiwa umebakiza muda wa saa tatu kabla ya mbio kuanza, chakula ulichokizoea. Njiani anza ndani ya nusu saa ya kwanza, kidogokidogo kila dakika 20 au 30. Mazoezini anza na gramu 30 za wanga kwa saa na upande taratibu hadi 60. Gramu 60 hivi kwa saa ndicho kikomo ambacho utumbo huweza kukipitisha kwa sukari ya glukosi pekee, na wanaofika 90 huchanganya na fruktosi, yaani sukari ya matunda. Utumbo hufunzwa kama mguu, na miezi mitano yatosha.

Vidonge viache nyumbani. Ibuprofeni na jamaa zake hupunguza damu iendayo kwenye figo, wakati ambapo figo hizohizo zinachuja mabaki ya misuli iliyochanika. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji wa Western States na kuchapishwa mwaka 2006 haukuona kwamba waliomeza ibuprofeni walikuwa na maumivu pungufu kuliko wenzao. Na kama baada ya mbio mkojo wako utakuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, usisubiri kupona: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mguu_Niponye alijibu:

Jina langu hapa jukwaani lilinisuta siku ya ultramarathoni yangu ya kwanza, kwani mguu haukuniponya. Niliondolewa mbioni kwenye kilomita ya 41, kwa hiyo naweza kusema kwamba nimejiandikisha kilomita 50 na sikufika hata umbali wa marathoni. Nilichelewa kituo kwa dakika sita.

Kilichonimaliza ni mteremko, wala si mlima. Mteremko wa kwanza ulikuwa kilomita ya 9, mrefu, pumzi ikiwa bado imejaa, nikawapita watu wengi mno nikijisifu. Unapoteremka, msuli wa paja la mbele hubeba uzito huku ukivutwa kurefuka, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi zake kuliko kupanda kokote. Sikuhisi lolote hadi kilomita ya 30, ambako mapaja yalikataa, na kuanzia hapo nilitembea hata tambarare. Ni kwa sababu hiyo wanaokimbia Comrades ya Afrika Kusini, ambayo hubadilisha mwelekeo kati ya Durban na Pietermaritzburg, huuheshimu mwaka wa kuteremka kuliko wageni wanavyotarajia. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza upesi: zoezi moja zuri la kuteremka huulinda kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo weka mazoezi ya mteremko kati ya wiki ya sita na ya pili kabla ya mbio, kwa hatua fupi na za haraka, bila kukanyaga kisigino mbele kama unayefunga breki.

Zile dakika sita, hata hivyo, sikuzipoteza mlimani. Nilikaa kama dakika 14 katika kila kituo kati ya vitatu vya mwanzo, nikijaza chupa, nikitafuta jeli ya wanga mkobani, nikipiga soga. Hizo ni dakika 42. Sasa hivi kabla ya kufika kituoni nasema kwa sauti mambo mawili ninayoyahitaji, nayachukua, naondoka nikila huku natembea.

Kwa ndugu Bandika_Bandua, kwa heshima zote, sikubaliani na Jumamosi na Jumapili kwa mtu anayejiandaa kwa kilomita 50 tu. Nilifanya hivyo wiki sita mfululizo, na kano ya kisigino ilinisumbua nusu mwaka. Zoezi moja refu kwa wiki na moja la milima katikati ya wiki linamtosha mwenye marathoni tatu miguuni.

Kigimbi aliandika:

Nawashukuru sana, na vidonge nimekwisha kuvitoa kwenye mkoba. Limebaki jambo moja: ninakoishi ni tambarare tupu. Mteremko nitaupata wapi?

Bandika_Bandua alijibu:

Tafuta jengo refu lenye ngazi. Panda kwa kutembea, teremka kwa udhibiti, anza na dakika 20 na uongeze hadi saa moja. Siku nyingine simama juu ya kipandio na ushushe mguu mmoja polepole hadi kisigino kiguse chini, mara 12 kila upande, seti tatu. Unaposhuka ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Kuhusu pingamizi la ndugu Mguu_Niponye, nakubali nusu. Wiki sita mfululizo ni nyingi, nami nilipaswa kusema kwamba mimi hufanya hivyo kila baada ya wiki moja, na mara nne tu katika maandalizi yote. Mwenye kano lalamishi asijaribu. Wiki mbili au tatu za mwisho punguza muda wa mazoezi hadi karibu nusu, na usijaribu kiatu kipya, soksi mpya wala jeli mpya.

Kigimbi aliandika, miezi mitano baadaye:

Nimerudi kutoa taarifa. Nilimaliza kwa saa 7 na dakika 52. Nilifanya Jumamosi na Jumapili mara tatu tu, ngazi mara moja kila wiki, na zoezi refu kuliko yote lilikuwa saa 4 na dakika 50.

Kwenye mteremko wa kwanza nilipitwa na watu wengi hata nikadhani nimekosea njia. Baadhi yao niliwakuta wamekaa juu ya mawe baada ya kilomita ya 35. Saa ya mkononi niliiwekea kengele kila dakika 25, na kila ilipolia nilikula, niwe na hamu au nisiwe nayo. Kwenye kilomita ya 38 koo lilifunga kama ile marathoni. Safari hii sikulazimisha: nilitembea kwa robo saa, nikanywa mafunda machache, kisha kipande cha kiazi kilichochemshwa na kutiwa chumvi kikashuka chenyewe. Vituoni nilitumia jumla ya dakika 17. Kilichonishinda kutabiri ni kilomita ya 44, sehemu tambarare na rahisi kuliko zote, ambako nilitaka kuacha bila sababu yoyote ninayoweza kuieleza. Nilikula kengele ilipolia, na baada ya dakika kumi hivi hamu ya kuacha ilitoweka.

Nina swali moja la mwisho kwa dada Muuguzi: kuanzia kilomita ya 30 vidole vya mikono vilivimba kiasi, ingawa nilikunywa kwa kiu tu. Je, nilikuwa hatarini? Tena kucha mbili za miguu zimekuwa nyeusi.

Muuguzi_wa_Zamu alijibu:

Hongera sana, ndugu yangu. Vidole kuvimba kidogo peke yake, kwa mtu mwenye akili timamu, asiyetapika na asiyeongezeka uzito, hutokea kwa wengi kwa sababu mikono huning'inia na kuyumba kwa saa nyingi. Safari ijayo iinue na kukunja ngumi mara kwa mara kwenye milima unayotembea. Kichefuchefu au kichwa kuuma kikiungana nako, acha kunywa na umwone daktari wa mbio. Kucha usizing'oe, zitatoka zenyewe mpya zikishaota chini yake. Na kabla ya mbio nyingine zikate fupi wiki moja mapema, kisha uhakikishe kiatu kina nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu.