Mrejesho: Angkor tumeenda, tumerudi salama
Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama siku moja inatosha kuzunguka mahekalu ya Angkor kule Kambodia na washkaji watatu, wengi mkanambia chukueni tiketi ya siku tatu, dola 62 badala ya 37. Asanteni sana aisee, mlikuwa sahihi kabisa. Siku ya kwanza tumeamka saa kumi alfajiri, bajaji ikatupeleka Angkor Wat, jua likachomoza nyuma ya ile minara na kivuli chake kimetulia kwenye bwawa, hakuna aliyeongea. Ila mimi Ta Prohm, hekalu jingine la hapo, ndo imenishika, mizizi ya miti minene kuliko kiuno changu imekumbatia kuta za mawe. Mkienda funikeni mabega na magoti, mwenzetu alivaa kaptura akakosa kupanda juu kwenye hekalu la Angkor Wat.