Mgeni wa Kihispania: señora, señorita au doña?

Mapokezi_Kiwengwa
Assalaam alaykum. Tunatarajia kundi kutoka Uhispania, wengi wanawake, wakubwa kwa wadogo. Orodha ina majina marefu, mfano María Carmen García López. Tumwiteje? Na kibao cha kumpokelea kiwanja cha ndege kiandikwe vipi?

BiNahau
Waalaykum salaam. Señora ndiyo salama kwa mwanamke yeyote mtu mzima, kaolewa hajaolewa. Señorita, yaani «binti» asiyeolewa, achaneni nayo. Uhispania siku hizi wengi huona unawafanya watoto, au unawapekua habari za ndoa. (Mexico bado inatumika sana madukani na mahotelini, lakini hao si wageni wenu.) Msichana wa miaka ishirini mwamkieni «buenos días» (habari za asubuhi) bila cheo, yatosha.

Jina sasa, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. La ukoo ni mawili: kwa kawaida la kwanza la baba, la pili la mama. Huyu ni señora García. Anayeokota neno la mwisho orodhani atamwita señora López, naye hatogeuka. Tena mke habadilishi jina: mumewe akiwa Ruiz, yeye anabaki García.

Doña hufuatwa na jina lake mwenyewe, kama tunavyosema Bi Khadija: doña María Carmen. Ni heshima ya kumwekea mtu wa makamo. «Doña García» ni kosa.

Ukuta_wa_Forodhani
Niongeze. Kiwengwa mumezowea Kitaliana, kwa hivyo «sinyora» itawaponyoka. Kihispania kinaanza na *se*: se-NYO-ra. Hiyo ñ ni ny ya nyota, na mkazo unakaa palepale pa Kiswahili, kwa hivyo hakuna kisingizio.

Cheo bila kitenzi chake ni kazi bure. Semeni «¿Cómo está, señora?» (hujambo, bibi?), si «¿Cómo estás?»; hiyo s ya mwisho ni ya kuzungumza na rafiki yako. Wahispania wepesi wa kulegeza, lakini mngojeni mgeni aanze. Akisema «tutéame», yaani niiteni tú, ile «wewe» ya kirafiki, basi tumieni tú. Na «guapa» (mrembo) na «mami» waachieni papasi, wale vijana wanaowaandama watalii.

Mapokezi_Kiwengwa
Ahsanteni sana. Na barua pepe je?

BiNahau
«Estimada Sra. García:» kisha nukta mbili, si mkato. Kifupi kina herufi kubwa na nukta. Neno kamili likiwa katikati ya sentensi ni herufi ndogo, señora. Mukimtaja kwa mwenzake tangulizeni *la*: «la señora García ya está aquí» (Bi García keshafika). Mukimwita mwenyewe, *la* inaondoka. Doña haiitaki kabisa.

Kibao: «Sra. García López», majina yote mawili. Akina García ni wengi mno, ndege moja inaweza kushusha watatu. Ñ kwenye simu shikilia n mpaka itokeze. Kwenye Windows, shikilia Alt uandike 164 kwa vitufe vya nambari vya kulia.