Naombeni ushauri: apu ya mazoezi kwa bi mkubwa wa miaka 72, miguu imeisha nguvu

MwanaWaTanga: Wakuu habari zenu. Bi mkubwa wangu yuko Tanga, mimi nahangaika Dar. Tangu Ramadhani anaswali kwa kukaa kwenye kiti, akienda sijda kunyanyuka hawezi mpaka ashike kitu, na juzi nusura aanguke bafuni. Hospitali wamesema mifupa haina shida, presha iko sawa na dawa, ila misuli ya miguu imepungua afanye mazoezi. Nikamnunulia simu ya tachi nikamwekea apu ya mazoezi. Wiki 3 sasa, apu inaongea Kizungu, anayeonyesha ni kijana anarukaruka, na kila jioni inamwambia hajafikisha hatua 10,000. Kanipigia anasema "mwanangu hii simu inanisuta". Imeniuma sana. Kuna apu inayofaa wazee au niachane nazo?

Kichwabuta: Kwanza zima huo ujumbe wa hatua leo hii. Hiyo 10,000 ilianzia Japani 1965, ilikuwa jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichokuwa kinauzwa, hakuna daktari aliyempimia mama yako. Halafu wamama simu wanaiacha mezani wanaenda jikoni, itahesabu nini?

FizioMkoani: Mkuu mi ndo kazi yangu hii, fiziotherapia (tiba ya mazoezi). Kutembea ni kuzuri ila peke yake hakumwinui mtu kutoka sijda, anahitaji nguvu ya mapaja na kujimudu asiyumbe. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2020 linasema wenye miaka 65 kwenda juu wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba angalau siku 3 kwa wiki, mbali na kutembea. Mpime hivi: akae kwenye kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani (cha plastiki hapana kinateleza), mikono aikunje kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30 mtu akiwa pembeni yake. Kwa mwanamke wa 70 mpaka 74 chini ya mara 10 ni kidogo. Hilo hilo ndo zoezi lake, aanze na mto kwenye kiti, akizoea utoe mto, baadae kiti kifupi. Akisikia kizunguzungu au kifua kubana aache, aende hospitali. Apu chukua yenye mazoezi ya kukaa na unayoweza kupunguza idadi mwenyewe.

MamaTatu: Kwangu apu iko kwenye simu ya mjukuu, bibi haishiki kabisa. Mtoto anaangalia anamwonyesha bibi kwa Kiswahili wanahesabu pamoja, na video moja tuliipakua ikae kwenye simu isile bando. Bibi anafanya kwa ajili ya yule mtoto bwana, angekuwa peke yake asingefanya.

MwanaWaTanga: Asanteni sana wakuu. Mtoto wa dada anakaa nae, jana nimempigia kwa video akampima, mara 6. Kiti ni kile kile anachoswalia. Tumekubaliana Jumatatu, Jumatano na Jumamosi baada ya Alasiri. Fizio, siku zingine akae tu?

FizioMkoani: Asikae, atembee hadi sokoni na kurudi kama kawaida yake. Na akishika sinki la jikoni asimame mguu mmoja mbele ya mwingine sekunde 10, hilo kila siku halina shida.