"MSHAHARA NI TIPU": yule bosi wetu wa safari ametutukana tena

Wakuu, tangazo la kazi la asubuhi mmeliona kwenye magrupu yote ya madereva wa Arusha, na mwenyewe mnamjua. Anataka dereva mwongoza watalii ajue Kiingereza na Kijerumani, ndege wote wa Ngorongoro kwa majina, afungue gia boksi porini, apike, na nadhani tembo akishikwa uchungu azalishe. Mstari wa mwisho: "Mshahara ni tipu."

Mshahara ni tipu! Hiyo ni hela ya mgeni, wewe unaigawa kama nani?

Na anajua anachofanya. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za ziada ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Msingi ukiwa sifuri, zidisha mpaka uchoke. Mchango wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, asilimia 20 ya nini sasa? MSHAHARA NI TIPU, jamani!

Sanawari_Juu: Umepanda mori bure mkuu, mbona simu yake utapokea ukipigiwa.

Mama_Ngaramtoni: Acha amseme! Mwaka jana tangazo lilikuwa "chakula juu yetu".

Fundi_Springi: Atakayeitwa adai maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, analipwa kiasi gani na kwa utaratibu upi. Akinyimwa, atunze meseji na ratiba za safari. Mkifika CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na bosi hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kufukuzwa unajaza fomu ya malalamiko F1 ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Wengi wanakwama hapo, wanaambiwa "subiri msimu wa mvua upite", siku zinaisha. Na ukiwa chini ya miezi 6 kazini huwezi kulalamikia kuachishwa isivyo haki, ndiyo maana anaajiri Juni na kufukuza Novemba.

Sanawari_Juu: Wakili wa Kilombero huyo.

Kibosho_Kati: Mnalilia tipu na mmekaa kwenye kiti? Njooni Moshi. Mpagazi wa Kilimanjaro kikomo ni kilo 20, mzani uko getini Machame tunapoanzia kupanda. Mkishapita, wawili wanarudishwa chini kimyakimya, mizigo yao wanagawiwa waliobaki. Na tipu inapitia kwa kiongozi wa msafara kwanza.

Mama_Ngaramtoni: Moshi kila uzi lazima mlete mlima.

Kibosho_Kati: Kwani mgeni wenu anatua wapi kama si uwanja wa ndege wa KIA, kwetu?

Chaki_Nyeupe: KIA iko wilaya ya Hai, si Moshi, hilo muachieni mwalimu. Sisi wa shule binafsi tunalipwa miezi 10 tu kwa mwaka, Juni na Desemba hamna kitu, na mitihani ya kusahihisha tunabeba nyumbani.

Fundi_Springi: Mkataba umeandikwa miezi 10 au wanakata tu?

Chaki_Nyeupe: Umeandikwa mwaka mzima, wanakata tu. Kuna aliyelipwa Juni hii?