PostgreSQL inameza diski yote ripoti ikianza, ikifa nafasi inarudi. Nifanyeje?

mchimbadata: Wakuu, salaam. Nina PostgreSQL 15 (programu ya hifadhidata), kila kitu kiko kwenye diski moja. Ripoti ya mwisho wa mwezi inasoma jedwali la GB 60 na kulipanga kwa tarehe. Ikianza tu, nafasi inapungua hadi sifuri, ripoti inakufa, halafu nafasi inarudi yote. Nimechungulia base/pgsql_tmp nikakuta mafaili makubwa kwelikweli. Niyafute kwa mkono au nipige VACUUM FULL (amri ya kubana jedwali)?

kichwangumu: Usiyaguse, mkuu. Data isipoenea kwenye work_mem (RAM ya kupangia), ambayo usipoibadilisha ni MB 4 tu, seva huipanga vipande vipande kwenye diski kisha huviunganisha. Kwerii (ombi la data) ikiisha au ikikatwa, seva inayafuta mafaili hayo yenyewe. Na hiyo VACUUM FULL ndiyo usithubutu: inaandika nakala mpya ya jedwali zima kabla ya kuachia la zamani. Nafasi hiyo utaitoa wapi?

fundi_usiku: Weka work_mem GB 1, maisha yaendelee.

kichwangumu: Fundi, utamuua mwenzako. Kiwango hicho si cha seva nzima, ni cha kila hatua ya kupanga ndani ya kila kwerii. Miunganisho 100 yenye hatua mbili mbili inaweza kudai RAM ya GB 200. Akitaka kupandisha, atumie SET LOCAL ndani ya muamala wa ripoti hiyo tu.

nyukimweusi: Mbona hakuna aliyeuliza kwerii yenyewe ikoje? Kama ni SELECT * (chukua safuwima zote), kila safuwima inabebwa kwenye upangaji hata isipohitajika. Jaribu EXPLAIN ANALYZE (amri ya kuonyesha kwerii inavyotekelezwa) kwa data ya siku chache kwanza, maana inaiendesha kwerii kweli. Ukiona "external merge", imemwagikia diskini. Indeksi ya tarehe nayo yaweza kuondoa upangaji kabisa.

Pia weka temp_file_limit (kikomo cha mafaili ya muda). Diski moja ikijaa, WAL (kumbukumbu ya mabadiliko) inakosa pa kuandika na seva nzima inalala, si ripoti peke yake. Ukipata diski ya pili, peleka mafaili ya muda huko kwa temp_tablespaces, ila isiwe diski ya RAM. Tablespace (eneo la kuhifadhia data) ikipotea, seva inaweza kugoma kuwaka.

mchimbadata: Ni SELECT * kweli, na kuna safuwima mbili za maandishi marefu ambazo ripoti haizitumii. Naanzia hapo. Hiyo temp_file_limit inahesabu ripoti zote kwa pamoja?

nyukimweusi: Hapana, kila mchakato na wake. Zikienda tatu kwa mpigo, zidisha kwa tatu.