Viongozi wa wanafunzi mliojitolea kwenye jamii, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, salamu. Mliowahi kuwa viranja, wawakilishi wa darasa, marais na mawaziri wa serikali za wanafunzi, naomba tukae hapa kidogo. Kila uongozi mpya ukiingia huwa na wiki yake ya "kurudisha kwa jamii": fulana zinachapishwa, bango linatundikwa, picha zinapigwa, halafu kimya hadi uchaguzi mwingine. Sisemi kwa ubaya, fulana hizo hata mimi ninazo kabatini. Nataka visa vyenu tu: mlifanya nini, na mlipoondoka kilibaki nini? Mahubiri tuyaache.

Waziri Mstaafu
Mimi nilishika wizara ya afya chuoni, na langu ni damu. Tulipanga kuchangia kwa kishindo, chuo kizima siku moja, 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani (ndiyo tarehe aliyozaliwa Karl Landsteiner, mgunduzi wa makundi ya damu). Nikaenda benki ya damu kifua mbele. Mama aliyenipokea akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao watu wako likizo wanakuwa wapi?" Nikamjibu, makwao. Akafungua jokofu akanionyesha tarehe zilizobandikwa kwenye mifuko. Chembe nyekundu zikitunzwa vizuri hukaa wiki 5 au 6. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku 5 hivi basi. Kwa hiyo ukijaza jokofu siku moja, mgonjwa wa miezi miwili mbele hujamfaa kitu, na wachangiaji wako wote hawawezi kurudi mapema: kwa kawaida mwanaume husubiri miezi 3, mwanamke 4.

Tukavunja mpango. Kila kitivo kikapewa mwezi wake, na wanaobaki chuoni likizo tukawaandika pembeni. Wenye chini ya kilo 50 tukawapa meza ya kuandikisha, maana walikuwa wanapanga foleni kisha wanarudishwa wakinung'unika. Picha zilikuwa za watu wachache wachache, rais wetu hakufurahi hata kidogo. Lakini yule mama akawa ananipigia simu mwenyewe kuuliza zamu ya nani.

Mama Miche
Waziri umenikumbusha marais na picha zao. Wetu alitaka miti, tena mingi, mbele ya mgeni rasmi. Nilipopita jioni nikakuta miche kadhaa imefukiwa na kiriba chake, plastiki nyeusi yote imo ardhini! Mzizi utatokea wapi? Tulifukua na wenzangu watatu, tunachana viriba kwa wembe, tunarudishia udongo. Mvua nazo zilikuwa zinaishia. Iliyopona ni ile ya karibu na bomba, kwa sababu mlinzi aliamua kuimwagilia. Hakuna aliyemwomba, wala jina lake halikutajwa kwenye ripoti.

Sina Kinyongo
Mnawaonea watu wa picha. Mimi nilijitolea ili nipate cha kuandika kwenye wasifu wa kazi, sifichi. Nilipelekwa kufundisha watoto kusoma, Jumamosi asubuhi. Kulikuwa na mmoja anasoma kama maji, kila mtu anamsifu. Siku moja nikafunika picha ya ukurasa kwa kiganja, akanyamaza. Kumbe alikuwa amekariri kwa kusikiliza wenzake, picha ndiyo inamkumbusha maneno. Tukaanza upya na silabi, ba, be, bi, tukiwa wawili nyuma ya darasa ili wasimcheke. Wasifu ulishapata mstari wake muhula wa kwanza, nami nikaendelea kwenda. Nia huja njiani, jamani.

Mwanzisha mada
Sina Kinyongo, nakubali nusu. Nia ikija njiani sawa, ila mtoto yule angepata mwalimu mpya kila Jumamosi, nani angegundua?

Mgeni wa Jukwaa
Naomba kuuliza. Nimechaguliwa juzi, watangulizi wetu walikuwa wanapeleka nguo na sabuni kituo cha kulelea watoto. Niendelee?

Waziri Mstaafu
Mgeni, nenda kwanza mikono mitupu, na usiende na kamati nzima. Uliza wanapokea nini kila sikukuu na wanakosa nini siku za kawaida. Sisi tuliambiwa nguo zimejaa stoo, wanahitaji mtu wa kukaa na watoto saa ya kazi za nyumbani. Uliza pia masharti yao ya kupiga picha watoto, wengi hawaruhusu. Halafu mchukue mtu wa mwaka wa kwanza uende naye kila safari, ajulikane pale getini. Wewe ukimaliza muda wako, yeye hatahitaji barua ya utambulisho.